Ile Mega, Nani Atalipa?

Likizo iliyopita nilirudi Baraka nikiwa na jambo la kujivunia. Ndani ya simu yangu nilikuwa na orodha ya tovuti ishirini na tatu zinazowasaidia walimu wa vyuo vikuu kufundisha kwa teknolojia: jinsi ya kurekodi mhadhara, jinsi ya kutunga maswali ambayo kompyuta inayasahihisha yenyewe, jinsi ya kuongoza majadiliano ya wanafunzi wasiokaa chumba kimoja. Niliikusanya hapa kitivoni kwa wiki tatu, usiku, wakati ambapo mtandao hauna watu wengi. Nikampelekea asistanti mmoja aliyenifundisha nilipoanza masomo ya juu kule nyumbani, kabla sijahamia hapa. Alivaa miwani, akaipitia orodha polepole mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Mutoto wangu," akasema, "hii kitu iko muzuri sana. Lakini ile mega, nani atalipa?"

Nilicheka. Nilidhani ni kisingizio cha mzee asiyependa mambo mapya. Nimeandika makala haya kwa sababu tangu siku ile nimeona kwamba swali lake ni la msingi kuliko orodha yangu nzima, na kwamba sisi wa kitivo cha lugha tuna sehemu kubwa ya kulijibu kuliko tunavyopenda kukubali.

Kwa msomaji asiyeijua nyumbani kwetu: Ubwari ni rasi ndefu inayoingia ndani ya Ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Fizi, Kivu Kusini. Kati ya rasi na bara kuna ghuba, na mji wa Baraka uko kando ya ghuba hiyo. Fizi yenyewe iko juu mlimani. Wanafunzi wa rasi hufika Baraka kwa boti, wengine pamoja na mifuko ya ndagala wanaouza ili walipe karo. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walipita pale kwa mitumbwi wakitoka Ujiji kwenda Uvira, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Si kisiwa. Ukishika njia ya kusini unatembea kwa miguu yako mpaka bara. Hata hivyo ghuba ile kwenye ramani inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Namkumbuka Burton kila ninapofungua mwongozo wa ufundishaji uliotungwa na mtu aliyetuona kutoka majini.

Asistanti wangu anafundisha kozi tano. Fonetiki, mofolojia, utangulizi wa isimu ya Kiafrika, na nyingine mbili ambazo hakuzisomea lakini hakuna mwingine wa kuzifundisha. Hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, kama walimu wengi wa vyuo vyetu ambao wanangoja miaka na miaka majina yao yaingizwe. Anapata sehemu ya karo, ikiwa wanafunzi wamelipa. Umeme wake ni sola moja juu ya bati, ambayo mchana inachaji simu yake na za jirani. Ana kompyuta, betri yake imekufa, kwa hiyo inafanya kazi pale tu inapochomekwa. Mhadhara wake anaufundisha hivi: silabusi ni ya Kifaransa, anasoma sentensi moja kwa Kifaransa, kisha anaifafanua kwa Kiswahili kwa dakika kumi. Ndiyo kusema mafundisho yenyewe, yale yanayobaki kichwani mwa mwanafunzi, yanatolewa kwa Kiswahili. Kifaransa kinabaki kwenye karatasi na kwenye mtihani.

Sasa turudi kwenye ile orodha. Vitu vilivyomo si vibaya, nami sitaki kuvidharau. African Virtual University, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa msaada wa Benki ya Dunia na baadaye ikaweka makao yake Nairobi, ilitoa moduli za hisabati, sayansi na ualimu bila malipo, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. OER Africa, iliyoanza mwaka 2008, ina masomo mafupi ya kuwaendeleza wahadhiri, kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. UNESCO ndiyo iliyolipa jina lake wazo la nyenzo huria za elimu mwaka 2002, na mwaka 2019 nchi wanachama zikapitisha pendekezo rasmi juu yake. Na kuna TESSA, inayoratibiwa na Open University ya Uingereza, ambayo vitabu vyake vinapatikana kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Kiswahili! Nilipoona hivyo nilifurahi sana. Halafu nikasoma vizuri: ni vya kuwasaidia walimu wa shule za msingi. Ni vizuri, vina mazoezi ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa mawe na vijiti. Lakini picha inayojitokeza ni hii: mwalimu wa shule ya msingi anaweza kusaidiwa kwa Kiswahili, na mhadhiri inadhaniwa kwamba Kiswahili hakihitaji tena.

Dhana hiyo siikubali. Ninajua kuna wenzangu hapa watakaosema kwamba mhadhiri asiyeweza kusoma mwongozo wa Kifaransa au Kiingereza hastahili kuitwa mhadhiri. Asistanti wangu anasoma Kifaransa vizuri kuliko mimi. Tatizo lake si kusoma. Mwongozo wa Kifaransa unamfundisha kurekodi mhadhara wa Kifaransa, kutunga maswali ya Kifaransa, kuandika maelekezo ya Kifaransa. Haumwambii lolote juu ya zile dakika kumi anapofafanua, na dakika hizo ndizo anazofundisha. Hakuna ukurasa hata mmoja katika ile orodha ya ishirini na tatu unaojua kwamba mwalimu anaweza kuwa na lugha mbili ndani ya sentensi moja.

Kuhusu mega, nilipata somo langu mwenyewe. Baada ya kucheka niliamua kumwonyesha. Nilinunua mega kwa pesa zangu, nikafungua tovuti ya kwanza. Ilitaka tujiandikishe kwa barua pepe. Tukajiandikisha. Ikatuma kiungo cha kuthibitisha, nacho kilikuwa kimeisha muda wake mtandao uliporudi. Tovuti ya pili ilikuwa video ya dakika arobaini ya mtu anayeeleza kwamba video zisiwe ndefu. Ya tatu ilifunguka, tukasoma kurasa mbili, na mega zikaisha. Pesa niliyotumia alasiri ile ingemtosha mwanafunzi kulipa boti kwenda kwao na kurudi.

Na hali imekuwa ngumu zaidi. Vyuo vyetu vimezoea kuwategemea maprofesa wageni wanaofika kwa wiki moja, wanafundisha kozi nzima asubuhi hadi jioni, wanasahihisha na kuondoka. Tangu Bukavu ilipotekwa na M23 Februari 2025, safari hizo zimekuwa za mashaka, na kozi zikangoja. Kabla ya hapo kulikuwa na Korona: Machi 2020 vyuo vyote vya nchi vilifungwa, na kule kwetu kufungwa kulimaanisha kufungwa kweli, kwa sababu hakukuwa na chochote cha kufungua mahali pengine. Kisha ukaja mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, ambao unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi kuwa sehemu ya mikopo ya kozi. Kazi binafsi inataka kitu cha kufanyia kazi. Mwanafunzi anayerudi kijijini kwao rasini bila kitabu na bila faili, kazi yake binafsi ni ipi? Wenzangu wawili wa promosheni ya kwanza waliacha masomo kwa njia hii hii. Hawakufukuzwa, wala hawakukosa akili. Walikosa mhadhara mara mbili kwa sababu ya upepo ziwani, wakakosa maelezo, wakakosa mtihani, wakaona aibu kurudi.

Kwa hiyo ninaposema teknolojia, nazungumzia kitu kinachoweza kuwafikia wale wawili.

Wiki ya pili ya likizo nilimwomba asistanti aniachie saa mbili za kozi ya fonetiki. Katika kompyuta yangu nina Praat, programu ya bure iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Wanafunzi wa isimu hapa wanaijua. Ni ndogo, haihitaji intaneti ikishawekwa, na inachora sauti: unaona kidato kikipanda na kushuka kama mstari. Wanafunzi walikuwa karibu sitini na hakukuwa na projekta, kwa hiyo tulitoka nje ya oditwari tukakaa chini ya mwembe, nikawapokea sita sita.

Nilianza na mfano wa vitabuni: barabara na barabara. Ile ya kupita magari ina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ile yenye maana ya sawasawa ina mkazo kwenye *ra* ya kwanza. Nikarekodi zote mbili, mstari ukaonekana tofauti, nikafurahi. Kikundi cha tatu kikanikata maneno. "Kaka, sisi hiyo ya pili hatuisemagi." Na kweli, nusu yao walikuwa hawajawahi kuitamka hivyo, walisema *sawasawa* au *muzuri*. Mfano wangu ulitoka pwani, nao ulikuwa umesafiri mbali mno. Ndipo dada mmoja kutoka milima ya Fizi akasema ana jozi ya maneno ya Kibembe, yenye konsonanti zile zile na vokali zile zile, yanayotofautiana kwa toni tu. Akayatamka. Tukachora. Mstari mmoja ulianza juu ukashuka, mwingine ukabaki chini. Kelele iliyotoka pale ilimfanya mwalimu wa chumba cha jirani achungulie dirishani. Watu waliokuwa wameandika neno *toni* kwenye daftari kwa mihula miwili walikuwa wanaiona kwa mara ya kwanza, na ilikuwa ya bibi zao.

Picha zile za Praat tulizihifadhi na kuzigawa kwa Bluetooth, simu kwa simu. Kufikia jioni kila mtu alikuwa nazo. Hakuna aliyenunua hata mega moja.

Nilijiuliza kwa nini jambo hili halimo kwenye miongozo, kwa maana njia zipo na zimejaribiwa. Kiwix, ambayo ilianza mwaka 2007, inamwezesha mtu kubeba Wikipedia nzima bila intaneti. Ile ya Kiswahili inaingia kwenye kadi ya kawaida ya simu. Moodle, ambayo vyuo vingi duniani vinaitumia kuweka kozi, inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ndogo kama kiganja, inayowashwa na betri ya sola na kugawa kozi kwa simu zilizo jirani nayo. Nadhani sababu ni kwamba wanaotunga miongozo huanza na tovuti, kisha mwishoni wanaongeza aya moja kwa ajili ya "wenye mtandao hafifu". Anayetunga kwa ajili ya Ubwari inabidi aanze na kadi. Faili zote ziwe ndani. Sauti ziwe fupi, dakika saba au nane, zihifadhiwe kwa namna inayofunguka kwenye simu ya bei rahisi. Maandishi yasomeke kwenye kioo kidogo bila kuvuta kushoto na kulia. Tovuti iwepo, sawa, lakini iwe ghala la kuchukulia kadi mara moja kwa mwaka, mtu anapofika Uvira au Bukavu au hapa.

Sasa suala la Kiswahili chenyewe, ambalo ni letu sisi. Kiswahili kina historia katika kazi hii: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Maneno yapo. Lakini nilipomwandikia asistanti maelekezo ya kwanza niliandika "pakua kiambatisho", akanipigia simu kuuliza kama anatakiwa kushusha mzigo. Kwao mtu *anatelesharje*, na kinachotelesharjiwa ni *fishie*. Nikibaki na *pakua* ninalinda usanifu na kumpoteza msomaji. Nikiandika *kutelesharje* tu, mwalimu wa Kigoma ng'ambo ya ziwa hataelewa, naye ni jirani yangu kuliko profesa wa Kinshasa. Mimi nimeamua hivi: neno sanifu kwanza, la kwetu linafuata palepale mara ya kwanza, kisha nachagua moja na kulishika. Mhadhiri wangu mmoja hapa haafikiani nami, anasema nitaharibu lugha. Tutabishana. Afadhali tubishane juu ya mwongozo uliopo.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka, lakini nikiiruka makala yote yatakuwa uongo. Silabusi zinauzwa. CP wa promosheni anakusanya pesa, anampelekea asistanti, silabusi zinapigwa fotokopi. Wizara imekataza mara nyingi, na kila mwanafunzi anayesoma hapa anajua kwamba inaendelea. Sisi wanafunzi tunalalamika, na tuna haki, hasa pale ambapo asiyenunua anaogopa mtihani. Lakini jiulize, mtu asiye na mshahara, kozi yake ikiwekwa bure kwenye kadi ikasambaa kwa Bluetooth chini ya mwembe, atakula nini? Nilimuuliza asistanti wangu moja kwa moja, jambo ambalo kwa adabu zetu si rahisi. Alinyamaza muda. Akasema: "Sikatai. Lakini musinipokonye jembe mbele ya kunipa shamba."

Kila mradi wa nyenzo huria unaokuja kwetu unamwomba mwalimu atoe kazi yake bure na kumpa cheti cha kushiriki. Kisha waandishi wa ripoti wanashangaa kwamba walimu "hawana mwamko". Mimi naona wana mwamko wa kutosha wa kuhesabu. Ikiwa pesa ipo ya kukodi ukumbi wa mafunzo, kulipa wakufunzi na kununua maji ya chupa, ipo pia ya kumlipa mwalimu mara moja kwa kozi aliyoitunga na kuirekodi, jina lake likawa juu yake, nayo ikahesabiwa anapoomba kupandishwa cheo. Bila hilo, silabusi ya fotokopi itashinda tovuti yoyote, na itastahili kushinda.

Na sisi? Kila mwaka idara yetu inapokea kazi za mwisho za wanafunzi, nyingi zikiwa na sura ya pili inayorudia yale ambayo wengine wameandika. Napendekeza idara imruhusu mwanafunzi wa lugha za Kiafrika kuwasilisha, badala ya kazi ya kawaida, kozi moja kwenye kadi: sauti zilizorekodiwa kwa idhini ya wasemaji, mazoezi, mwongozo wa mwalimu kwa Kiswahili, na taarifa ya jinsi ilivyojaribiwa darasani. Itetewe mbele ya jopo kama nyingine. Anayedhani ni kazi nyepesi ajaribu kutafuta mifano ishirini ya toni ya Kibembe ambayo wazee watatu wanakubaliana. Kijana mmoja wa rasini ana sauti za babu yake akisimulia kwa Kibwari, ziko kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, simu ambayo tayari imeangukia majini mara moja. Lugha ile haina kozi popote. Neno idhini nalitilia mkazo, kwa sababu nimewaona wenzetu wakirekodi watu sokoni na kuondoka.

Nimeanza na fonetiki, kwa Kiswahili na Kibembe, na asistanti wangu ameanza na ngeli. Juma lililopita alinitumia sauti yake ya kwanza, dakika tisa, kwa mega alizonunua mwenyewe. Nyuma yake unasikia akina mama wanaita wateja wa ndagala na pikipiki inakataa kuwaka. Anaeleza jinsi maneno ya kigeni yanavyoingia katika ngeli zetu, na mfano aliouchagua ni *mega*. Mega yangu, mega zangu, anasema, kama nyumba yangu, nyumba zangu. Mwanafunzi mmoja anapinga kwa sauti: hapana, mwalimu, sisi tunasema *mamega*. Mwingine anamuunga mkono. Asistanti anacheka, anawaambia waandike zote mbili, na sauti inakatika hapo.